Sanduku la Marehemu na Ndege Isiyo na Injini



Wapenzi wasomaji, juma lililopita tuliahidi kuendelea na mlango wa haki za jirani. Tunaomba radhi, somo hilo litarudi juma lijalo inshallah. Limetokea jambo hapa Isiolo ambalo limetufundisha sisi wenyewe, tunaoketi mbele za watu kufundisha, nasi hatukuona vyema kulinyamazia. Wenyewe wametupa idhini ya kulieleza, kwa sharti la kutowataja majina.

Marehemu alikuwa fundi wa redio. Alizaliwa Mombasa, akaja Isiolo kikazi, akaoa hapa na akazikwa hapa. Ameacha mke, binti wawili na mwana mmoja wa kiume. Wazazi wake walikwisha kumtangulia. Eda ya mjane ilipomalizika, tuliitwa kugawa mirathi. Mali haikuwa nyingi: nyumba ya vyumba vitatu, pikipiki, vyombo vya ufundi, na fedha kidogo zilizosalia baada ya kulipwa madeni yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ni vyema kila mama aijue. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, na fungu la mwana wa kiume ni sawa na mafungu ya binti wawili. Mali ikikatwa mafungu 32, mke hupata 4, mwana hupata 14, na kila binti hupata 7. Ami yao, ndugu wa marehemu, hana fungu, maadam mwana wa kiume yupo, naye ndiye anayemzuia. Ami alilikubali hilo kwa ulimi, lakini sauti yake ndiyo iliyotawala baraza siku ile.

Mwisho kabisa likatolewa sanduku la mbao lililokuwa uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na mabamba ya ubao mwepesi mno, ubawa mmoja uliojengwa nusu, rimoti ya zamani yenye waya mrefu wa kunasia mawimbi, daftari, na mchoro mkubwa uliokunjwa kama mkeka. Juu ya mchoro yaliandikwa maneno mawili kwa herufi kubwa: Gentle Lady.

Mjane alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Akasema, “Sheikh, huyo bibi mimi namjua. Ndiye aliyekuwa akikesha na mume wangu sebuleni mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, mimi nikilala peke yangu. Mchomeni.”

Watu wakacheka, naye hakucheka. Maneno yale maana yake ni Bibi Mpole, nalo ni jina la ndege ya kuchezea isiyo na injini, ambayo mafundi huiita glaida. Ami akasema sanduku lile ni takataka, ila kwa kuwa mtoto wa kiume hupenda ndege, basi apewe yeye na mambo yaishe. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulitikisa kichwa kukubali. Tuliliona kuwa ni mchezo tu, halifai kupotezewa wakati wa watu wazima.

Ndipo binti mkubwa, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliposema kwa adabu kutoka kwa mamake, “Sheikh, umetusomea kwamba mimi nina mafungu saba katika kila kitu. Fungu langu la sanduku liko wapi?”

Tulinyamaza. Hatukuwa na jawabu, kwa sababu jawabu tulikuwa tumelitoa sisi wenyewe nusu saa kabla. Mirathi haibagui kikubwa na kidogo. Sindano ya marehemu ni mirathi, na uzi wake ni mirathi. Sanduku lile lilikuwa la watu wanne, na kati ya wanne hao ami hamo wala sisi hatumo. Mali ya yatima si kitu cha kutolewa kwa kutikisa kichwa. Tukasema mbele ya wote kwamba tumekosea, na kwamba sanduku litabaki kwa warithi mpaka wao wenyewe wakubaliane.

Usiku ule hatukupata usingizi wa haraka. Tuliikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Daud, ambayo tumeisomesha kwa miaka mingi bila ya kuitia moyoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amerudi safarini, upepo ukavuma ukafunua pazia la kipembe alimowekea Bibi Aisha wanasesere wake. Katikati yao akaona farasi aliyewekewa mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza ni nini kile, na vipi farasi awe na mbawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha habari za farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tazameni, wasomaji. Mwanasesere yule alikuwa na mbawa, mwenyewe alikuwa mwanamke, na aliyemuuliza alikuwa mbora wa viumbe. Hakumwambia kwamba mbawa ni mambo ya wavulana, wala kwamba ni takataka. Aliuliza, akasikiliza jawabu, akacheka. Sisi hatukuuliza hata swali moja.

Asubuhi tulirudi nyumbani kwao, tukaomba kuonyeshwa sanduku upya. Binti akatusomea daftari la babake. Lilikuwa limejaa vipimo: unene wa mbao, uzito kwa gramu, pembe ya ubawa. Katika ukurasa wa mwisho wenye maandishi palikuwa na tarehe ya miezi michache baada ya kuzaliwa kwake yeye binti, na chini yake maneno machache: “Kazi imesimama. Mtoto kwanza.” Mamake hakuwahi kulifungua daftari lile. Alilichukua, akalisoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akaingia jikoni. Tulisikia maji yakimiminwa kwa muda mrefu. Alipotoka alisema, “Haya. Mmalizieni baba yenu kazi yake. Lakini hakuna shilingi ya karo itakayoguswa.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya miezi saba, nasi tukaruhusiwa kuwa mashahidi wake kila Jumamosi baada ya Alasiri.

Yafaa tuseme machache juu ya ndege yenyewe. Gentle Lady iliundwa na Carl Goldberg, Mmarekani mashuhuri katika ujenzi wa ndege ndogo, na ikauzwa katika miaka ya 1980 kama kifurushi cha vipande ambavyo mnunuzi huviunga mwenyewe. Mbawa zake zikinyooshwa hufika karibu mita 2 kutoka ncha hadi ncha, ilhali uzito wake haufiki kilo moja. Haina injini. Mwenye rimoti huongoza vitu viwili tu, navyo viko mkiani: usukani wa kulia na kushoto, na kibao cha kuinua na kushusha pua. Mbawa zake zimekunjwa kuelekea juu kwa hatua, na kukunjwa huko ndiko kunakoifanya igeuke vizuri kwa usukani peke yake na kurudi sawa inapoyumbishwa. Kwa sababu hiyo waliokuwa wakijifunza waliipenda.

Imejengwa kwa mti wa balsa. Mti huu hutoka Amerika ya kitropiki, na nchi inayouza zaidi ni Ekwado. Humea upesi mno, hufaa kukatwa kabla ya kutimiza miaka kumi, na ubao wake mkavu huwa na uzito wa karibu sehemu moja kwa sita ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Neno balsa kwa Kihispania lina maana ya chelezo, kwa kuwa wenyeji wa huko waliunda vyelezo kwa magogo yake. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwe alisafiri kwa chelezo cha balsa kilichoitwa Kon-Tiki, kutoka Peru mpaka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kwa siku 101.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kufunzwa umbo la ubawa ule. Tulipouona mchoro tulikumbuka jahazi likiwa gatini halijapigwa mbao. Kuna uti mrefu unaobeba nguvu, na mataruma yaliyopangwa juu yake moja baada ya jingine, kisha ngozi nyembamba ya kufunika. Tofauti ni kwamba jahazi huogopa maji kuingia, na ndege huogopa uzito.

Tabu ya kwanza ilikuwa mchwa. Walikuwa wameingia pembeni mwa sanduku na kula mabamba matatu. Binti alihesabu mataruma yaliyosalia akaona yamepungua kumi na moja. Balsa haiuzwi Isiolo. Dereva mmoja wa lori akatuletea kutoka Baringo kipande cha ambachi, ule mti wa kando ya ziwa ambao ndugu zetu Wailchamus huundia vyelezo vyao vya kuvulia samaki. Ni mwepesi ajabu. Tulifurahi, tukadhani Mwenyezi Mungu ametupa balsa ya Kenya. Lakini ulipokatwa mwembamba ulijikunja kama sifongo na gundi haikushika vyema. Ukafaa kwa ncha za mbawa tu, mahali pasipobeba kitu. Mataruma yaliyopungua yakachongwa kutoka katika mabaki ya balsa yenyewe, vipande viwili viwili vikiungwa, na uti ukatolewa katika ubao wa saipresi usio na fundo.

Rimoti nayo ilikuwa imekufa. Betri zake zilikuwa zimevuja na kula shaba ya ndani. Rimoti za zama zile zilitumia masafa ya megahetzi 27, 35 au 72, na watu wawili wakitumia chaneli moja, ndege ya mmoja wao ilianguka. Za leo hutumia gigahetzi 2.4, na kila moja hutambuana na kipokezi chake. Pikipiki ilipouzwa na kila mrithi akapewa haki yake, watatu hao kwa ridhaa yao na ya mama yao walichanga kiasi kidogo, wakanunua rimoti iliyokwisha kutumika. Kijana akajifunza kuunga waya kwa fundi wa simu wa mtaani.

Mama alisema yeye hataigusa. Lakini ni mshonaji, na mshonaji hawezi kutazama kitambaa kikivutwa vibaya. Mchoro ulitaka mbawa zifunikwe kwa karatasi nyembamba au plastiki maalumu. Walipokuwa wakibishana, akatoa dukani kwake kipande cha bitana ya hariri kilichobaki, akakikata kwa kufuata uzi, akakitandika juu ya mataruma na kukipaka vanishi iliyozimuliwa. Ilipokauka ikakaza kama ngoma. Akapiga kidole, ikalia. “Bibi Mpole amepata nguo,” akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliyomsikia akilitaja jina lile bila ya uchungu.

Ikumbukwe kwamba hili si jambo geni kwa Waislamu. Katika karne ya tisa, huko Kordoba ya Andalusia, aliishi Abbas ibn Firnas, aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baada yake, ameeleza kwamba alijivika manyoya na mbawa, akaruka masafa fulani, kisha akashuka kwa kishindo akaumia mgongo, kwa sababu alisahau kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia. Tunaichukua kama habari iliyopokewa. Tulipowasimulia watoto, kijana alicheka, lakini binti hakucheka. Alikwenda kuupima mkia wake upya.

Hata hivyo yaliyompata Ibn Firnas nusura yampate. Jaribio la kwanza lilikuwa la kurusha kwa mkono, bila ya rimoti kuwashwa, katika uwanja wa mpira asubuhi mapema kabla ya upepo. Kijana aliirusha. Ndege iliinua pua, ikasimama hewani kana kwamba imesahau jambo, kisha ikaanguka kwa mkia. Mkia ukavunjika. Ami, aliyekuwa amekuja kutazama, akasema, “Sikuwaambia?” Kijana akatupa kofia chini akaondoka.

Binti aliokota vipande kimoja kimoja. Kosa, alisema, halikuwa la mkia. Mbao za saipresi na ncha za ambachi zilikuwa zimebadilisha mizani, na ndege ilikuwa nzito nyuma. Ndege ya namna hii yataka ilale sawa ikiwekwa juu ya vidole viwili, karibu theluthi moja ya upana wa ubawa kutoka mbele. Walipoipima hivyo, ilikaa chini kwa mkia. Ami akanyamaza kidogo, kisha akatia mkono mfukoni. Yeye ni mtu wa mishipi, na hata huku bara, mbali na bahari, hubeba chubwi. Akatoa mbili. Zikatiwa puani, na ndege ikalala sawa.

Hapo tukasimamisha kila kitu kwa jambo la sheria. Mji wetu una uwanja wa ndege, una na kambi za jeshi, na watu wa Isiolo wana haki ya kushtuka waonapo kitu kikiruka. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo viongozwavyo kutoka chini, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayetaka kurusha na aulize kwanza, wala asiseme ni mchezo wa watoto. Tuliuliza, tukamwendea pia chifu, tukangoja mpaka tukapata ruhusa kwa maandishi na mahali pa kwenda. Kungoja huko kulikuwa somo kwa watoto, na kwetu pia, kwani tulikuwa na haraka kuliko wao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tukaswali Adhuhuri njiani. Jua la Isiolo mnalijua. Lakini ndege isiyo na injini hulihitaji jua. Ardhi tupu hupata moto upesi kuliko kichaka, hewa iliyo juu yake hupashwa ikawa nyepesi, ikapanda kama moshi usioonekana. Tai na mwewe huijua njia hiyo, ndiyo maana huzunguka wakipanda bila ya kupiga bawa. Katika Suratul Mulk tunaitwa tuwatazame ndege walio juu yetu, nasi aghalabu tumeisoma sura hiyo tukiwa tumeinamisha macho.

Walifunga mshipi wa mita mia moja chini ya tumbo la ndege. Kijana akashika ncha akakimbia kukabili upepo, kama mtoto wa Lamu akimbiavyo na tiara. Ndege ikapanda juu ya kichwa chake, juu, juu, kisha pete ikachomoka na mshipi ukaanguka. Binti alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili. Kimya. Ilishuka polepole, chini ya mita moja kwa kila sekunde, akaigeuza kushoto, ikashuka tena. Tukadhani imekwisha. Mama ndiye aliyeona. Akanyoosha mkono kuelekea mwewe wawili waliokuwa wakizunguka juu ya ardhi nyekundu, akasema, “Mpeleke pale, mwanangu. Pale pana kitu.”

Akaipeleka. Ubawa mmoja uliinuka ghafla, akaizungusha, ikaacha kushuka. Kisha ikaanza kupanda. Bitana ya hariri iliangaza jua likapita ndani yake, na kila taruma likaonekana, ya babake na ya kwake, wala hatukuweza kuyatofautisha. Tulihesabu dakika kumi na moja. Ilipotua kwenye majani makavu, ami alikuwa wa kwanza kuifikia, naye alitembea kwa haraka isiyolingana na umri wake.

Ndege imerudi nyumbani. Warithi wanne wamekubaliana kwamba haitauzwa wala haitagawanywa, na tumeliandika hilo. Kijana sasa ndiye anayejenga ya pili, kwa mchoro ule ule, na dadake humkagua kwa ukali kuliko tulivyowahi kumkagua mwanafunzi yeyote wa tajwidi.

Nasaha zetu ni chache. Enyi akina mama, mirathi inapogawanywa ketini mahali mnaposikia, na mkiona jambo limerukwa, semeni. Mwenye haki ya kusema pale ni mrithi, hata akiwa mdogo. Enyi akina baba, waonyesheni wake zenu kilichomo masandukuni mwenu mngali hai, msiwaachie jina la Bibi Mpole bila ya maelezo. Na enyi wenzetu wenye kuitwa kuamua, tusitikise vichwa haraka. Tulikaribia kutoa mali ya mayatima watatu na mjane kwa sababu tuliidharau, na binti wa kidato cha tatu ndiye aliyetukumbusha somo letu wenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu fundi yule, aijaalie kazi ya mikono yake iwe na manufaa kwa kizazi chake, na atusamehe tulipoteleza. Juma lijalo inshallah tutarudi kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.